Alama ya Mafuriko Ukutani

Haya ni kweli tupu, na kama nimetia chumvi hata punje moja, ulimi wangu na ukauke. Wanaonifahamu hapa Cincinnati wacheke wanavyotaka.

Jumamosi moja ya Mei, soko la Findlay limefurika watu, Odessa Pruitt alirudi nyuma kumkwepa mbwa akamkanyaga Emmett Haverkamp. Odessa, mpima ardhi, alivaa gauni la manjano na buti za kazi. Emmett alikuwa na kofia ya majani na bango: MATEMBEZI YA HISTORIA, SOKONI HADI MTONI.

"Samahani, kaka! Nimekuumiza?"

"Umenivunja vidole vyote. Dawa yake ni kutembea nami mpaka mtoni."

"Kwa mguu uliovunjika?"

"Ndiyo maana nataka wa kumwegemea."

Odessa akaenda. Jumamosi iliyofuata akaenda tena. Mimi Orville, mchora mabango mstaafu, nilikuwa mkiani mwa kundi kama kawaida yangu, masikio wazi. Kufika Juni walikuwa wanakula goetta, ile nyama ya kukaanga iliyochanganywa na shayiri, sahani moja, na simu haziishi.

"Umefika kazini, mpenzi?" Emmett angeuliza.

"Bado. Kuna msumbufu mmoja ananichelewesha."

"Mkatie simu."

"Nashindwa. Ana sauti tamu."

Julai tukafika kwenye ghala kuukuu mwinukoni, juu ya mto Ohio. Emmett akanyoosha kidole kwenye mstari mweupe juu kabisa ya vichwa vyetu: MAJI YALIFIKA HAPA, 1937.

Odessa akakunja uso. "Haiwezekani. Mlango wa kanisa lile uko chini kuliko mstari huu, na umetuambia sasa hivi watu walikimbilia humo wakakaa wakavu."

Mtu akacheka nyuma.

"Nani alikuambia maji yalifika hapo?" Odessa akamuuliza Emmett.

Emmett akanitupia jicho mara moja, kisha akatazama viatu vyake. "Nilisikia tu."

"Kwa nani?"

"Odessa, tuyaache."

"Kwa hiyo unatutungia? Na yale unayoniambia mimi je, unatunga pia?"

Odessa akaondoka. Wiki tatu Emmett alipiga simu ikalia mpaka ikachoka. Kofia hakuivaa tena, na historia ya mji akawa anaitoa kama mtu anayesoma maelekezo ya dawa.

"Mwambie ni mimi niliyekuambia," nikamnong'oneza.

"Simwambii, mzee. Wewe ndiye uliyenifundisha mji huu. Nikuumbue?"

Nikampigia Odessa, nikikusudia kumtetea kijana kwa ujanja, bila kujitaja.

"Mwanangu, Emmett hakutunga. Alama ile ni kazi ya bingwa! Herufi zimenyooka, na siku hiyo upepo unavuma, ngazi inayumba, mikebe miwili ya rangi..."

"Mzee Orville."

"Naam."

"Ya mikebe umeyajuaje?"

Nikakohoa. Nikakohoa tena.

"Alama ya kweli ilikuwa magotini, mwanangu, nikaipandisha. Nani apige picha goti?"

"Emmett alijua?"

"Hata kidogo. Nilimdanganya akaniamini. Ulipomuuliza mbele za watu ndipo alipong'amua, akaamua kunisitiri."

Kisha nikasikia anapenga kamasi.

"Jumamosi uje na ngazi," akasema. "Na brashi ya chuma."

Jumamosi nikawa juu ya ngazi, nimekiri kosa langu mbele ya kundi zima, nakwangua herufi moja moja jasho likinitoka. Chini, Odessa ameshika mguu mmoja wa ngazi, Emmett mwingine.

"Kumbe ulikuwa unamlinda mzee, na mimi nikakuvunjia heshima. Nisamehe, mpenzi."

"Kuhusu mstari ulikuwa sahihi."

"Kuhusu wewe sikuwa."

"Sasa nikipiga utapokea?"

"Kabla haijalia."

Wakakumbatiana. Kwa mikono yote minne.

"Jamani, ngazi!" nikapiga kelele.

"Kwangua, mzee," Odessa akajibu bila kugeuka. "Bado tarakimu nne."