Matofali Yaliyokosa Maji

Kila asubuhi, kabla kengele ya shule haijagongwa, Natabo alibeba mtungi wake wa plastiki akaenda kupanga foleni kisimani. Mwaka huo wa 1984 mvua ilikuwa imeisahau Isiolo kabisa. Vumbi lilivuma kutoka upande wa Ngaremara likaingia machoni, kwenye uji na kwenye vitabu. Watu walikula ugali wa unga wa njano wa msaada, wakaununia, kisha wakaomba kuongezwa. Kisimani kila mtu alichota kidogo alichoruhusiwa akaondoka. Ole wake aliyethubutu kurudi mara ya pili, maana akina mama wa mtaa wa Bulla Pesa hawakuwa na ndimi za mchezo.

Nyumbani alingojewa na mama yake, Akai, na mdogo wake Lowoi, ambaye alikuwa bado anatambaa. Alingojewa pia na mbuzi jike, wa pekee aliyebaki baada ya wenzake wote kufa. Lowoi aliishi kwa maziwa ya mbuzi huyo. Kila jioni maziwa yalipungua, na mtoto akalia zaidi.

Natabo alikuwa darasa la sita. Nyuma ya shule yao palikuwa na banda la mabati, na ndani ya banda hilo mlipangwa matofali ya Kithinji. Kithinji alikuwa kijana wa Kimeru aliyesomea uhandisi katika chuo kikuu huko Nairobi. Digrii ya kwanza alikuwa nayo tayari. Ili apate ya pili ilimbidi aandike tasnifu, yaani kitabu kizima kuhusu utafiti wake mwenyewe. Yeye alichagua udongo mwekundu wa Isiolo. Je, ukichanganywa na saruji kidogo tu na kushindiliwa kwa mashine ya mkono, unaweza kutoa tofali imara lisilohitaji kuchomwa kwa kuni? Jibu likiwa ndiyo, kamati ya shule ingejenga darasa, kwa kuwa watoto wa darasa la kwanza walikuwa wakisomea nje juani. Watu walimwita Injinia, ingawa mwenyewe aliwaambia kila siku kwamba bado.

Kazi ya kuchanganya udongo na saruji alipewa Elema, kibarua wa Bulla Pesa. Alikuwa baba yake Racho, msichana aliyeketi dawati moja na Natabo.

Matofali yalipokwisha kufyatuliwa, Kithinji aliitwa Nairobi na mhadhiri wake. Kabla ya kuondoka alimwita Natabo bandani, palipokuwa na pipa lililojaa maji.

"Mwalimu ameniambia wewe ni mtu wa kuaminika," alisema. "Sasa nisikize vizuri. Saruji iliyo ndani ya haya matofali inahitaji maji ndiyo ishike. Uyamwagilie asubuhi na jioni, halafu uyafunike na haya magunia. Maji ya hili pipa ni ya matofali peke yake. Umenielewa?"

"Nimeelewa, Injinia."

Kuelewa alielewa. Kukubali moyoni ndiyo ilikuwa kazi. Tangu azaliwe alikuwa amefundishwa kwamba maji hupewa mtoto kwanza, halafu mgonjwa, halafu mnyama. Hakuwa amesikia mahali popote duniani ambapo udongo ulipewa maji mtu akiwa na kiu.

Mama yake naye hakuwa amesikia. "Unapatia udongo maji?" aliuliza jioni hiyo.

"Ni ya utafiti, Mama."

"Utafiti!" Akai alimtazama mbuzi aliyelala ukutani ulimi nje. "Mbuzi yangu inakufa, na udongo inakunywa."

Kesho yake Natabo alichota kidogo kutoka kwenye pipa akampelekea mbuzi. Mama alipouliza, alisema amepewa na Mwalimu. Siku iliyofuata alichota zaidi. Haikuchukua muda, matofali yakawa hayapati hata tone. Ila Natabo hakuwa mjinga. Aliloweka magunia ya juu, ili mtu akichungulia bandani aone majimaji.

Mwalimu Bonaya, mwalimu mkuu, alichungulia kweli. "Vizuri sana, Natabo," alisema, akaenda zake. Sifa hiyo ilimchoma Natabo kuliko fimbo.

Na pamoja na hayo yote, mbuzi akafa. Walimkuta asubuhi amekauka, macho wazi. Mama yake hakulia. Alimbeba Lowoi mgongoni akaenda kuomba maziwa ya unga misheni. Natabo alikimbia bandani akayamwagia matofali maji yote yaliyobaki, mpaka yakatiririka chini. Alidhani tofali ni kama mchicha, kwamba likinyauka hunyweshwa likaamka. Hakujua kuwa saruji ikikauka kabla ya wakati wake hairudi tena.

Kithinji aliporejea, kamati ya shule ilikusanyika kushuhudia kipimo. Alikuwa ametengeneza boriti ndefu ya mti. Tofali liliwekwa chini ya boriti, na mawe yangening'inizwa moja moja kwenye ncha ya mbali ili kulikandamiza. Jiwe la kwanza lilipowekwa, tofali lilimomonyoka likawa vumbi. Kithinji akaweka tofali la pili, nalo vivyo hivyo. Jasho likamtoka.

"Haiwezekani," alisema. "Mchanganyiko huu huu tuliupima Nairobi ukawa imara. Hesabu yangu haiwezi kukosea hivi, labda kama saruji haikutiwa."

Macho yote yakamgeukia Elema.

"Wallahi nilitia!" Elema alisema. "Kila gunia nilifungua mimi, nikatia kama ulivyonionyesha. Pengine yamekosa maji."

Kithinji akageuka. "Natabo, uliyamwagilia?"

Natabo aliinua macho. Aliwaona wazee wa kamati, akamwona Mwalimu, akamwona Elema akimtazama kwa tumaini.

"Ndiyo," alisema.

"Asubuhi na jioni?"

"Asubuhi na jioni."

"Hata mimi niliona magunia yamelowa," Mwalimu Bonaya akaongeza.

Basi hukumu ikawa imekwisha. Mzee mmoja wa kamati alinong'ona kwamba saruji ina bei nzuri sokoni, na mwenzake akaitikia kwa mguno. Elema alijipangusa udongo mikononi, akachukua koti lake akaondoka, na hakuna aliyemuaga.

Tangu siku hiyo Racho hakucheka tena. Aliketi ukingoni mwa dawati, na wakati wa mapumziko hakutoka nje. Siku moja alimgeukia Natabo.

"Baba hapati kazi," alisema polepole. "Kila duka anaenda wanasema, huyo ndiye yule wa saruji. Wewe ulikuwa pale. Baba yangu ni mwizi?"

Natabo alifungua kinywa, kikakosa neno. Racho alingoja, kisha akainamisha kichwa juu ya dawati. Alidhani amekwisha kujibiwa.

Natabo hakula siku hiyo. Alisikia kwamba Kithinji anafunga mizigo, na kwamba ataandika katika tasnifu yake kuwa majaribio ya Isiolo yaliharibiwa na wizi. Maneno hayo yangepigwa chapa na kuwekwa maktaba, yasomwe na watu wasiomjua Elema kabisa. Alipolifikiria hilo, aliona aibu. Akapiga moyo konde, akaenda kubisha ofisini kwa Mwalimu Bonaya.

Alieleza yote, kuanzia mtungi wa kwanza. Mwalimu alimsikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, Mwalimu alisimama akavaa kofia yake.

"Mbona unaniambia mimi?" alisema. "Mimi sikuitwa mwizi. Twende."

Walimpitia Kithinji, wakashuka Bulla Pesa mpaka plotini, kwenye vyumba vya kupanga alikoishi Elema. Mwalimu akapiga salaam aleikum mlangoni. Elema aliwakaribisha kwa adabu, ila hakutabasamu. Racho alikuwa ameketi pembeni akichambua maharagwe. Natabo alisimama katikati yao akasema tena: "Baba Racho, saruji ulitia. Maji ndiyo hayakuwako. Nilimpa mbuzi wetu, halafu nikadanganya."

Kithinji alipiga kofi gotini. "Unajua umeniharibia nini wewe? Sasa sitamaliza mwaka huu! Kwa nini hukusema?"

"Lowoi hakuwa na maziwa," Natabo alijibu, machozi yakimtoka. "Na niliogopa."

Kithinji aliitazama sakafu. Hasira ilimtoka taratibu, ikabaki huzuni. "Na mimi nimekosa," alisema mwishowe. "Niliacha pipa la maji katikati ya ukame, nikampa mtoto alinde, wala sikuuliza kwao wanakunywa nini. Mzee Elema, nilikushuku bila kuchunguza. Nisamehe."

Elema alimtazama Natabo. "Maji ya mbuzi mimi siwezi kugombana nayo," alisema. "Mnyama akiwa na kiu atapewa. Ungesema, tungetafuta njia. Lakini siku ile ulinisikia naitwa mwizi, na ulikuwa unajua, na ukanyamaza. Hiyo ndiyo imeniuma."

Njia ya mwongo ni fupi, lakini ya Natabo ilikuwa imepita juu ya mgongo wa mtu mwingine.

Elema alirudi kazini. Safari hii Kithinji alichimba shimo la kina kifupi, matofali mapya yakapangwa humo yakiwa bado mabichi na kufunikwa kwa karatasi za nailoni, ili unyevu usitoroke na maji kidogo yatoshe. Siku ya kipimo mawe yote yaliwekwa, na tofali likakaa. Wanafunzi walishangilia. Kithinji alitabasamu kidogo tu, kwa kuwa wenzake wa chuoni walikuwa wamekwisha kuwasilisha tasnifu zao na yeye angengoja mwaka mwingine. Kamati ikakubali kujenga.

Natabo alidhani mambo yamekwisha. Lakini asubuhi moja Racho alifika shuleni macho mekundu. Muuza misumari mmoja alikuwa amemfukuza tena baba yake dukani, akisema hataki wezi wa saruji. Habari ya matofali mapya haikuwa imemfikia, au haikumvutia kama ile ya kwanza.

Mwalimu Bonaya aliposikia, aliomba Elema aje shuleni jioni. Yeye, Elema na Natabo wakaenda pamoja mpaka duka lile.

"Huyu si yule wa..." muuza misumari akaanza.

Mwalimu alimgusa Natabo begani. Natabo akasogea mbele.

"Hakuiba," alisema. "Ni mimi niliyenyima matofali maji, nikasema uongo, naye akaitwa mwizi kwa sababu yangu."

Mwenye duka alimkodolea macho, kisha akamgeukia Elema akampa mkono. Walipotoka nje, Natabo alimgeukia Mwalimu.

"Tumemaliza, Mwalimu?" aliuliza.

"Bado," Mwalimu Bonaya alijibu kwa upole. "Uongo wako ulifika maduka haya yote wenyewe, Natabo, hakuna aliyeupeleka. Ukweli hauendi hivyo. Ukweli hubebwa, na anayeubeba ni yule aliyedanganya. Kukosa ulikosa kwa sababu ya shida, na hilo mtu husamehewa. Ila usiache kosa lako likae kichwani mwa mwingine hata siku moja, maana kulishusha ni kazi kubwa, na wakati mwingine halishuki lote."

Natabo alifuta macho kwa mkono wa sweta. Elema alikuwa ametangulia, amesimama mbele ya duka linalofuata akiwangoja, na Natabo akavuka barabara kumfuata.