Unga wa Majina

Kwanza ilikuwa harufu. Nabintu alifungua chumba cha kompyuta asubuhi, akasikia harufu ya mshumaa uliozimwa sasa hivi. Hapakuwa na mshumaa. Palikuwa na kisanduku cha rangi ya maziwa, skrini tatu, na dirisha linalotazama ziwa.

Nyumba hiyo, katika mtaa wa Muhumba, ilikuwa depo ya dawa za zahanati za Kabare na Mwenga. Kabla ya hapo ilikaa tupu tangu vita, na walinzi walikikwepa chumba kile. Walisema kina pepo anayeiga sauti za watu, ila hajui amwite nani. Nabintu, mtunza stoo, aliwacheka. Dola ilikuwa imekataza majina ya ubatizo. Kazini kila mtu aliitwa kwa jina la ukoo wake, citoyen huyu, citoyenne yule, yaani raia. Jina ulilopewa kwa maji na mshumaa lilibaki nyumbani, likitajwa kwa sauti ya chini.

Kompyuta ilikuja pamoja na Cirhuza, aliyesomea kazi hiyo Kinshasa. Alimtaka kila mfanyakazi achague neno la siri la kufungulia mashine, neno asilolitamka mbele ya watu. Kila mmoja, akidhani wazo ni lake peke yake, aliandika jina lake la ubatizo.

Wa kwanza kuitwa alikuwa Mugaruka, karani wa maagizo. Mvua ilikuwa inanyesha alasiri hiyo. Nabintu, akiwa stoo, alisikia sauti tamu ya mwanamke kutoka chumba cha kompyuta: "Stanislas." Kisha akamsikia Mugaruka akijibu, "Niko."

Alimkuta ameketi mbele ya skrini, macho wazi, mikono juu ya mapaja. Walimwita Madeleine, mke wake. Alimwita mumewe kwa jina la ukoo, akamwita kwa jina la ubatizo, akampiga kofi. Mugaruka hakugeuka.

"Niliwatumia mutu," Madeleine aliwaambia, bila kupandisha sauti. "Munanirudishia kiti."

Tangu siku hiyo sauti ya chumbani ilikuwa ya Mugaruka. Ilimwita Nabintu akiwa peke yake, karibu kabisa na sikio: "Adèle." Pale depo hakuna aliyelijua jina hilo. Lakini bibi yake wa kijijini Mudaka alikuwa amemfundisha asimwitikie mtu kabla ya kuuona uso wake, hata akiwa mama mzazi. Nabintu aliuma mkono wa blauzi yake mpaka sauti ikanyamaza, akiwaza binti yake, Delphine, aliyekuwa bado ananyonya, na ni nani angemlea mtoto wa kiti.

Asubuhi alimfuata Cirhuza, akafunga mlango nyuma yake.

"Ni weye njo ulimuambia jina langu?"

"Nimuambie nani?"

"Onyesha mahali maneno yetu iko."

Cirhuza alibonyeza. Yakatokea yote, wazi, skrini nzima, kila jina la ubatizo mbele ya jina la kazini; Nabintu aliliona lake tu.

"Umeyatandika sawa na nyanya ya soko ya Kadutu," Nabintu alisema. "Miaka yote hii huyu kitu hakuwa na jina hata moja. Weye ukamupangia sahani. Na kama watu ya usalama wangefungua hapa? Ungetuuza mara mbili."

"Mashini inapashwa kulinganisha, citoyenne. Bila neno, italinganisha na nini?"

"Miye sikusoma Kinshasa. Weye tafuta."

Aliketi mlangoni, akimtazama vile mtu anavyomtazama mwizi aliyefungwa. Cirhuza aliandika na kufuta hadi alasiri.

"Nimepata," alisema mwishoni. "Neno likiingia, linasagwa. Ninaweka unga, neno ninatupa. Kesho ukiingiza neno lako, ninalisaga tena, unga nalinganisha na unga. Miye mwenyewe sitajua jina lako."

"Na akiiba unga?"

"Unga hairudi kuwa muhogo."

Alibonyeza. Majina yakatoweka, mahali pake pakabaki mistari ya herufi na tarakimu zisizosomeka. Nabintu alipumua. Kisha aliona Cirhuza hapumui.

Mistari miwili ilifanana, herufi kwa herufi. Mmoja ulikuwa wa Mugaruka. Wa pili ulikuwa wa Cirhuza.

"Weye pia?" Nabintu alinong'ona.

Cirhuza alitikisa kichwa kukubali. Neno moja, unga mmoja. Majina mengine yalikuwa yamemtoweka yule kitu; hili alikwisha kulila kwa Mugaruka, na mwenye kuijua ladha ya mmoja ameujua na wa pili.

Umeme ukakatika. Harufu ya mshumaa ikajaa chumba, nzito, na kutoka ndani ya skrini iliyokuwa imezimika sauti ya Mugaruka ikasema, "Stanislas," kisha ikageuka kuwa sauti nyingine, ya mwanamke mzee mwenye kikohozi, ambayo Nabintu hakuijua lakini Cirhuza aliijua, kwa maana machozi yalimtoka na midomo yake ikaanza kufunguka kama ya mtoto aliyeitwa na mama yake akale, na Nabintu akamrukia, akamziba mdomo kwa viganja vyote viwili, akahisi neno linagonga meno ya yule kijana likitaka kutoka, akaendelea kumkandamiza mpaka umeme uliporudi.

Cirhuza akarudi kwenye mashine. Alimwongezea kila mtu punje yake ya herufi za kubahatisha kabla ya kusaga, ili majina mawili yanayofanana yasitoe unga mmoja. Akaagiza usagwe tena na tena, ili anayekisia achoke. Mwisho wakaacha majina, wakachagua maneno mengine kabisa.

Sauti haikuwaita tena. Ila siku za mvua ilisikika chumbani ikikisia kwa majina ya watakatifu, moja baada ya jingine, polepole: Aloys. Camille. Constance. Kila baada ya jina ilingoja. Mugaruka alifariki akiwa ameketi.

Nabintu aliacha kazi, akahamia kwenye kilima cha Kadutu, na hakumsimulia binti yake neno, wala lile onyo la bibi yake. Alitaka mtoto alale vizuri.

Miaka ikapita. Jioni moja redio ilitangaza kwamba majina ya ubatizo yameruhusiwa. Kilima kizima kilitoka nje. Watu waliitana kutoka ua hadi ua, Philémon, Euphrasie, Pascal, wakicheka kama walevi. Nabintu alikuwa anafunga madirisha, moja moja, bila kueleza, na mtoto alikuwa uani anaruka.

"Maman, hata miye. Miye njo Delphine."

Makelele yalikuwa mengi. Katikati yake mwanamume mmoja alikuwa hacheki. Alirudia kila jina baada ya watu, kwa utaratibu, kama anayejifunza. Nabintu aliitambua sauti ya Mugaruka, karani wa maagizo. Alikimbilia mlangoni. Harufu ya mshumaa ilikuwa imefika kabla yake.

"Delphine," sauti ilisema, kwa upole, nyuma ya ukuta.

Mtoto, aliyelelewa kwa adabu, hakumkawiza mtu mzima.

"Niko."