Saa Tatu Kutoka Dar es Salaam

Maiti ya Ebeneza Mgaya ililala kifudifudi katikati ya miche ya parachichi, nyuma ya nyumba yake Makambako. Kisogo kilikuwa kimepondwa. Mpini wa jembe wenye damu ulikuwa umetupwa hatua chache kutoka hapo.

Inspekta Anneth Mligo aliendesha gari mwenyewe kutoka Njombe, kilometa sitini bila kusimama. Daktari alikadiria kuwa kifo kilitokea kati ya saa saba na saa nane mchana. Modesta, mke wa marehemu, alieleza kwamba alirudi kutoka sokoni saa tisa, akakuta mumewe amekwisha kukata roho. Papo hapo alimpigia simu shemeji yake Danford, mdogo wa marehemu, anayeishi Dar es Salaam.

Saa kumi na mbili jioni Danford aliingia uani, akaanguka miguuni pa shemeji yake akilia.

Anneth hakutulia. Alikizunguka kitalu mara mbili, akasimama, akakizunguka tena. Mwishowe akamwita Danford kando.

"Pole kwa msiba. Umefikaje?"

"Kwa ndege, Afande. Hadi Songwe, kisha teksi."

"Ulipopigiwa simu ulikuwa wapi?"

"Nyumbani. Dar."

Anneth alipiga hesabu kimoyomoyo. Hewani, saa moja na nusu. Songwe hadi Makambako, na malori yale barabarani, saa tatu ukienda mbio. Hapo hujagusa foleni ya Dar wala ukaguzi wa uwanjani. Danford alikuwa ametumia saa tatu kwa yote.

Akapiga simu uwanja wa ndege wa Songwe. Aliambiwa kwamba ndege ya kutoka Dar siku hiyo ilikuwa moja tu, nayo ilitua asubuhi. Jina la Danford Mgaya lilikuwamo katika orodha ya abiria.

Kesho yake, kituoni Njombe, alama za vidole kwenye mpini zililinganishwa na zake. Zilikuwa zilezile. Anneth alimpa onyo la kisheria, kisha akauliza akiwa amesimama.

"Simu ilikukuta hapahapa Makambako. Kwa nini hukungoja hadi asubuhi, ukasema umekuja na basi? Ningekuamini."

Danford alitazama mikono yake.

"Niliogopa watamzika bila mimi."

Ndipo akaeleza. Mama yao alifariki mwezi wa sita. Kabla ya kufa, kwa siku tatu alimwulizia Danford, na Ebeneza hakupiga simu. Alipiga simu kaburi lilipokwisha kufukiwa. Kila Danford alipouliza sababu, kaka yake alijibu neno moja: Dar ni mbali. Basi akakata tiketi, akaja amwulize ana kwa ana.

"Nikamwambia, kaka, leo asubuhi nilikuwa Dar, na mchana huu nimesimama mbele yako. Hata hakugeuka. Alikuwa anamwagilia miche. Akasema, bado ni mbali. Mpini ulikuwa umeegemea uzio."

Hapo ndipo Anneth alipoketi. Akamsogezea karatasi za maelezo, naye akatia saini polepole, kila ukurasa.

Kisha Danford akaomba simu. Alitaka kumwambia Modesta yeye mwenyewe, kabla hajaisikia habari hiyo kwa watu.