Picha ya Kumi na Moja

Kitu cha mwisho cha kawaida nilichofanya jioni ile ni kubandika birika. Lilikuwa birika letu la siku zote, la bati, lenye ubavu uliobonyea. Kishikio cha mfuniko wake kilivunjika siku za msiba wa mke wangu, lilipokuwa linashinda motoni kutwa kucha. Wageni walipoondoka nilichukua kizibo cheupe cha chupa ya dawa yake ya mwisho, nikakitoboa, nikakifunga pale kwa parafujo. Kimekaa upande. Mimi si fundi.

Nikarudi mezani kumalizia kazi ya ofisi. Mimi ni mhariri wa vitabu vya shule. Kitabu cha sayansi cha darasa la pili kilikuwa kinakwenda kiwandani kuchapwa Jumatatu, na sura ya vyombo vya nyumbani haikuwa na picha hata moja. Nilikuwa nimeomba mchoraji tangu mwanzo wa mwaka. Meneja wangu huniita Profesa kila anapotaka kuninyima kitu.

"Mchoraji wa nini, Profesa?" aliniuliza. "Picha zimejaa mtandaoni. Nunua kifurushi, bandika, tulale."

Basi nikanunua. Duka lenyewe lilikuwa na maelfu ya vifurushi: maua, mawingu, nyuso za watoto wanaocheka. Nikachagua cha vyombo vya nyumbani, nikalipa kwa kadi ya ofisi, nikakipakua, nikaanza kufungua picha moja moja.

Kijiko. Ndoo. Ufagio.

Nilipofika kwenye ufagio, mkono wangu uliokuwa juu ya kipanya ulitulia.

Mke wangu alikuwa mchoraji. Alichorea duka moja la kadi za harusi na za pole, akalipwa kwa kila kadi, na katika miaka yote ile hakuna karatasi aliyowahi kutia saini. Mstari wake ulianza mnene, ukapumua katikati, ukaisha mwembamba kama unywele. Kifundo cha mkono kilimuuma, akawa anakichua kwa mafuta ya mkaratusi hadi nyumba nzima ikanuka mkaratusi. Alipochoka, aliilaza brashi juu ya mdomo wa kikombe chake cha maji. Hiyo ilikuwa alama. Brashi ikishalala pale, hakuna wa kumwomba kitu tena, awe mwenye duka au mimi. Nikimwendea na ombi, alinionyesha kikombe kwa kidevu.

Ufagio ule ulichorwa kwa mstari wake.

Nilijiambia kwamba wachoraji wengi hufanana. Nikafungua picha iliyofuata.

Ilikuwa birika.

Ubavu umebonyea.

Na juu ya mfuniko, kizibo cheupe cha chupa ya dawa... kimekaa upande.

Siku tuliyomzika, kizibo kile kilikuwa bado kwenye chupa yake.

Huko jikoni birika lenyewe likaanza kulia.

Nilikwenda nikazima jiko. Kisha nikafanya nilichosomea: nikasoma leseni. Ilisema mnunuzi anaruhusiwa kutumia, kukata, kubadilisha na kurudia picha hizi mahali popote, milele, bila kumtaja aliyezichora. Ilisema muuzaji anathibitisha kwamba ana haki zote. Nilitafuta mahali panapoeleza amezipataje haki hizo. Hapakuwepo. Nilisoma tena toka juu, na nilichoambulia ni koma mbili zilizokaa vibaya.

Nikampigia meneja. Nilimweleza kwamba picha zina utata, kwamba nina sababu ya kuamini mchoraji hakutoa idhini, kwamba tuahirishe. Sikumwambia habari za kizibo. Akaniuliza kama tumelipa. Nikasema ndiyo. Akauliza kama leseni inaruhusu. Nikasema inaruhusu, lakini. Akasema hiyo lakini niipeleke chuo kikuu, na akakata simu.

Nikaliandikia duka la mtandaoni. Jibu lilikuja hapohapo, wakitaka uthibitisho kwamba mimi ndiye mmiliki wa michoro. Nikaeleza kuwa mimi ni mume wa mmiliki. Wakajibu kwamba malalamiko hupokelewa kutoka kwa mmiliki tu. Nikaandika kwamba mmiliki amefariki. Safari hii walikawia. Nikamwandikia na muuzaji, nikampa namba yangu ya simu, nikamtajia lile birika, nikamwambia kwa maneno makavu kwamba ameuza kazi ya marehemu na ninataka maelezo.

Nilikuwa bado nimeinamia kompyuta pale shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, alipoingia kurudisha pasi.

"Shemeji, unakaa gizani kama popo," alisema akiwasha taa. "Au umeme nao unauhariri?"

Kisha akaona kilichokuwa kwenye skrini, akaketi na pasi yake mapajani.

Nilimwonyesha kila kitu. Hakushangaa kama nilivyotarajia, na hilo liliniudhi. Alisema amekuwa akimwota dada yake. Anamwona ameketi kwenye meza isiyo yake, kifundo kimefungwa kitambaa, anachora na hainui uso. Nilimuuliza kwa nini hakuniambia. Akasema ningempa mhadhara.

"Kuna mtu amemfuga dada," alisema. "Anamtumikisha."

Nikampa mhadhara. Nilimweleza kwamba siku hizi kuna programu, unailisha michoro ya mtu mpaka inaiga mkono wake, kisha unaiagiza na inakuchorea usiku na mchana, bila kula na bila kulipwa.

"Mtu kafa, mkono wake unafanya kazi kwa mwingine, na halipwi," alisema. "Umebadilisha jina tu, shemeji. Huo ni msukule."

Yeye alikuwa ameshasogeza uso karibu na skrini.

"Hebu kuza hapa pembeni."

Nikakuza. Nyuma ya birika, kwa mistari hafifu ambayo sikuwa nimeiona, palikuwa na kikombe chenye ufa mdomoni. Juu ya kikombe, brashi imelazwa.

Kikombe kile nilikijua. Nilikuwa nimekifungia katika kabati la jikoni pamoja na brashi zake, na ufunguo nilikaa nao mimi.

"Amechoka," shemeji alinong'ona. "Huyo aliye naye, mtafute. Mwambie amwache. Niahidi."

Nikaahidi. Aliondoka bila kuaga vizuri, na pasi akaisahau juu ya kiti.

Jibu la duka liliingia baada ya mlango kufungwa. Lilikuwa na adabu sana. Walinipa pole kwa usumbufu. Wakasema kwamba, kwa mujibu wa taratibu zao, ili picha iondolewe, nimwambie mmiliki awasiliane nao yeye mwenyewe.

Nilicheka. Nilicheka peke yangu, kwa hasira, mpaka macho yakaloa.

Ndipo nikasikia.

Tik.

Sauti ndogo, toka jikoni.

Tik... tik.

Mlio wa brashi ikigongwa kwenye mdomo wa kikombe ili maji yadondoke. Nimeusikia jioni zote za ndoa yangu. Niliinuka nikaenda. Jikoni kulikuwa na birika, sinki, na taulo kwenye msumari wake. Kabati limefungwa. Hakukuwa na mtu.

Kulikuwa na harufu ya mkaratusi.

Simu ililia mezani. Nilirudi nikaipokea, nikaketi, mgongo wangu ukielekea mlango wa jikoni, kwa kuwa hivyo ndivyo kiti kilivyokaa.

Alikuwa mwanamke. Alizungumza kwa kunong'ona, na nyuma yake nilisikia mtoto akikohoa usingizini.

"Kaka, kabla hujanitukana, naomba unisikilize."

Nilimsikiliza. Alisema alinunua kompyuta kutoka duka la kadi lililokuwa linafungwa. Mwenye duka alimuuzia na vyote vilivyomo, akamwambia ni vyake, afanye apendavyo. Ndani alikuta michoro, mingi sana, haina jina. Mumewe alikuwa amemwachia watoto na kuondoka, naye hana kazi. Akailisha programu michoro ile, akaanza kuuza. Aliuliza, na nadhani aliuliza kweli, angemuomba nani ruhusa.

Nilimwambia angeweza kutafuta. Mkono kama ule una mwenyewe. Angemuuliza mwenye duka jina tu. Aliniacha mpaka nikamaliza hasira zangu zote, na hasira zenyewe zilikuwa nyingi: za meneja, za duka, za leseni, za hospitali.

"Ni kweli," akasema. "Lakini sikukupigia kwa ajili ya hilo. Nikiiomba picha kumi, nakuta kumi na moja."

"Programu imekosea hesabu."

"Nami nilidhani hivyo. Nikawa naziuza na zenyewe. Lile birika ni mojawapo." Alishusha pumzi. "Kaka, ya kumi na moja siiombi mimi. Na siku zote ni nyumba moja. Mlango una komeo limepinda. Kitanda kipana, mto mmoja."

Komeo lilipinda mwezi uliopita. Mto wa pili niliuweka juu ya kabati la nguo.

"Leo sijaiomba kitu," alisema. "Kompyuta nimeizima tangu mchana, watoto wanaumwa. Ulipoandika nikaiwasha nikutafutie hayo mafaili. Sasa hivi, tukizungumza, imejitokeza moja. Nakutumia."

Picha iliingia. Nikaifungua kwenye kompyuta.

Mwanamume ameketi mezani, anaonekana kwa nyuma. Simu iko sikioni. Kwenye kiti cha pembeni kuna pasi.

Kola ya shati lake, upande wa kushoto, imejikunja kwa ndani.

Nikapeleka mkono shingoni, polepole. Kola yangu, upande wa kushoto...

Ilikuwa imejikunja.

Aliyeichora alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni.

Tik.

Karibu sasa. Mkaratusi ulikuwa mkali hadi macho yakaniwasha. Sikugeuka. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na sidhani kama ulikuwa woga. Nilikuwa natazama picha. Alikichora kisogo changu kwa makini, nywele kwa nywele, hata kile kidoa cha kuzaliwa ambacho mimi mwenyewe sijawahi kukiona. Tangu afariki hakuna mtu aliyenitazama hivyo. Ila mstari ulikuwa unatetemeka. Alipomaliza bega uliyumba kabisa, ukatoka nje ya njia, ukarudi. Na chini, pembeni, safari hii kwa wino mzito, kikombe, na brashi imelazwa juu yake.

"Kaka, bado upo?" aliuliza mwanamke. "Zilizouzwa siwezi kuzirudisha. Lakini hii programu naweza kuifuta yote, na michoro pia. Sidhani kama atachora tena. Wewe ndiye mwenye mtu. Sema tu. Nizime?"

"Nipe mpaka asubuhi," nilisema.

"Mpaka asubuhi?" akauliza, kama mtu aliyetarajia jibu jingine. Kisha akasema sawa.

Niliketi pale pale. Baadaye harufu ikapungua, kisha ikaondoka. Sikusikia hatua.

Asubuhi nilikwenda jikoni. Kabati lilikuwa limefungwa, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu. Juu ya meza palikuwa na kikombe chenye ufa. Brashi ilikuwa imelazwa juu ya mdomo wake, imenyooka, kama alivyokuwa akiilaza. Nywele za brashi zilikuwa na unyevu.

Nilisimama mbele yake kwa muda. Neno nililompa shemeji nililikumbuka lote.

Nikamwandikia meneja kwamba picha ziko tayari kwa kiwanda.

Kisha nikaiondoa brashi juu ya kikombe. Nikamwaga maji, nikaweka mapya, nikaitumbukiza ndani. Kando yake nikatandaza karatasi nyeupe. Nikaitoa kabatini chupa ya mafuta ya mkaratusi, nikaiweka upande wa mkono wake, na nikaifungua kizibo kabisa, asije akahangaika nacho kwa kifundo kinachouma.

Yule mwanamke alipokea simu kabla haijalia mara ya pili.

"Nizime, kaka?"

"Hapana," nilisema. "Omba kumi."