Dirisha la Kupumzishia Macho

Siku macho yake yalipoacha kumuuma, Prufu alifurahi kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. Asubuhi nzima alikaa mezani pake akisahihisha kitabu cha jiografia kwenye kompyuta, na hakusikia mchanga machoni, wala kile kichomi cha nyuma ya paji la uso, wala yale machozi ya ghafla yaliyokuwa yakiwafanya wageni wa ofisi wampe pole ya msiba. Alitamani hata kuimba. Aliyemharibia furaha ni Mchoraji wa meza ya pili.

"Prufu," alimnong'oneza, "hebu pepesa macho."

"Ya nini?"

"Nimekutazama tangu wakati wa chai. Hujapepesa hata mara moja."

Prufu akacheka. Mchoraji alikuwa mtu wa mizaha, na mtu wa mizaha hata akikwambia nyumba inaungua unamaliza kwanza chai yako. Lakini safari hii yeye hakucheka.

Jina la Prufu alilipata kazini. Kampuni yao ilitengeneza vitabu vya shule, na yeye ndiye aliyekuwa akisoma prufu, yaani kurasa za mwisho kabla hazijaenda mtamboni, akiwinda makosa. Zamani alisoma kwenye karatasi, kalamu nyekundu mkononi. Kisha meneja akatangaza kwamba karatasi ni hasara, kila kitu kisomwe kwenye skrini. Mkubwa akishaamua, macho ya mdogo yatajijua yenyewe. Haikupita muda macho ya Prufu yakawa mekundu kama pilipili.

"Ukilia hivi kwa kitabu cha hesabu," Mchoraji alimtania siku hizo, "cha historia itakuwaje?"

Prufu alicheka, lakini moyoni aliogopa. Aliishi na mama yake mzazi, wawili tu, na mama alikuwa kipofu kwa miaka mingi. Presha ya macho ilimla taratibu mpaka ikammaliza. Prufu ndiye aliyemsomea vibandiko vya dawa, aliyemtungia uzi kwenye sindano, aliyemwambia mvua inakuja kutoka upande gani. "Wewe ndiye macho yangu," mama alizoea kusema. Haya macho ya watu wawili yakifa, nani atamshika nani mkono?

Akaenda kwa daktari wa macho. Daktari akampima, akamwambia ugonjwa wa mama hana.

"Ni uchovu tu. Ukiikodolea skrini unasahau kupepesa, jicho linakauka. Pepesa mara kwa mara. Na kila baada ya muda kidogo, acha skrini utazame kitu cha mbali."

"Kitu gani?"

"Chochote, dada yangu. Mradi kiwe mbali."

Ushauri ulikuwa mzuri, na watu wengi umewafaa. Lakini msahihishaji ni mtu wa utaratibu. Mwingine angetazama leo mti, kesho ndege, keshokutwa binti anayepita. Prufu alichagua kitu kimoja tu: dirisha la ghorofa ya juu kabisa kwenye jengo la mbele, lenye pazia la rangi ya majivu, ghorofa ambayo hakuna aliyekumbuka kuiona ikikaliwa. Akaiwekea simu yake mlio wa chura, ulie kila baada ya muda kidogo, kuanzia saa ya kufungua ofisi hadi ya kufunga. Kila chura alipolia, aliinua uso akalitazama dirisha lile, kimya, mpaka macho yapoe.

"Chura kaita," Mchoraji alisema. "Mchumba anakungoja dirishani."

Baada ya siku kadhaa pazia lilikuwa limeachana kidogo, upana wa kidole. Baadaye akaona bega. Alikuwa mtu amesimama amempa mgongo, na Prufu akajiambia ni fundi, wamepata mpangaji, heri yao. Kesho yake bega lilikuwa limegeuka kidogo. Keshokutwa likazidi. Kila chura alipolia Prufu aliinua uso, na mtu yule alikuwa akigeuka polepole mno, kama aliyesikia anaitwa na hana hakika ni yeye. Siku alipomalizia kugeuka, jua lilipiga kioo, na Prufu hakuuona uso. Jua lilipoondoka, pazia lilikuwa limefungwa.

Ni siku hiyo macho yalipoacha kumuuma.

"Haya basi, napepesa," Prufu akamwambia Mchoraji, na akashusha kope huku bado anaangalia skrini. Zilishuka kwa uzito, kama mlango unaoshikiliwa na mtu upande wa pili. Akasikia *chep*, kisauti cha majimaji, na hakikutoka usoni pake. Kilitoka nyuma ya kiti.

Akageuka. Nyuma yake kulikuwa na ukuta tu, na harufu ya vumbi lililoungua. Aliporudi kwenye skrini, ukurasa ulikuwa mtupu. Milima, mito, namba ya ukurasa, vyote havikuwapo.

"Umeufuta ukurasa wangu?"

"Ukurasa gani? Si huo hapo," Mchoraji akasema, akanyoosha kidole kwenye weupe. "Umeandikwa mpaka chini. Prufu, uko sawa wewe?"

Akamtazama ili amjibu, na kope zikashuka zenyewe. *Chep.* Zilipoinuka, Mchoraji bado alikuwa na masikio, na nywele, na lile shati lake lenye madoa ya wino, lakini katikati, pale panapokaa uso, palikuwa laini kama ukurasa ambao haujachapwa, na kutoka pale palipo laini sauti ileile ya rafiki yake ikaendelea kumuuliza kama aletewe maji.

Prufu alichukua mkoba wake akaondoka bila kuaga. Njia nzima, mchana kweupe, alitembea macho ameyakodoa, akitazama chini, akiogopa kutazama watu, akiogopa kutazama majina ya barabara, akiogopa zaidi ya yote kwamba kukodoa huko hakukumuuma hata chembe. Harufu ya vumbi lililoungua ilimfuata hadi mlangoni kwake.

Mama alikuwa ameketi karibu na dirisha, anamenya maharage kwa kupapasa.

"Umerudi mapema," alisema. Kisha mikono yake ikasimama. "Na huyo nani?"

"Niko peke yangu, mama."

"Usinidanganye. Kuna mtu anapepesa macho nyuma yako. Namsikia."

Prufu alikaa sakafuni akalia, lakini machozi hayakutoka. Hakuthubutu kumtazama mama usoni. Alijishughulisha na kazi za nyumba huku ameinamisha kichwa, na ulipofika wakati wa matone ya mama, yale ya kutuliza maumivu, akachukua chupa kabatini, akasoma kibandiko, kope zikashuka, *chep*, maandishi yakapotea. Akachukua ya pili, yakapotea. Basi akakisia kwa umbo la chupa, akakiinua kidevu cha mama, akaishika chupa juu ya jicho lililo wazi, na ni mama aliyemdaka kiganja.

"Hiyo ni spiriti," mama akasema taratibu. "Nanusa. Iweke chini, mwanangu, halafu niambie kumetokea nini."

Jioni hiyohiyo mama alimwita rafiki yake wa ujanani, mwanamke mganga, mnene, mwenye sauti nzito na mkoba mkubwa kuliko kazi yake. Akasikiliza habari yote, chura na dirisha na pazia.

"Sasa muda wote huo ulipokuwa unamtazama," akauliza, "ulimsalimia?"

"Nimsalimie nani? Dirisha?"

"Wewe mtu akikukodolea macho nyumbani kwako, saa baada ya saa, hasemi neno, si utatoka kuuliza anataka nini? Basi naye katoka. Wala simlaumu."

"Yeye anataka nini?" Prufu alinong'ona.

"Kuona. Jini huyu amekaa kizani muda mrefu. Ameazima macho yako, na ujira wake ni kukuondolea maumivu. Lakini kope si zako tena. Kila zikipepesa, anayepepesa ni yeye, na kile ulichokuwa unakitazama anakichukua. Hutakiona tena."

"Hata mtu?"

"Hata mama yako."

Nje gari lilipita, na vikombe kabatini vikatikisika.

"Anatoka kwa njia aliyoingilia," mganga akaendelea. "Jicho kwa jicho. Umkodolee mtu mwingine bila kupepesa mpaka jini avuke. Tatizo ni huyo wa kuvukiwa. Nani atakubali?"

Mama akacheka, kicheko kifupi. "Mniweke mimi. Kwangu ataiba nini?"

"Mama, hapana!"

"Nyamaza. Rafiki yangu, ni kweli au si kweli?"

Mganga alifikiri. "Ni kweli," alisema hatimaye. "Kwako atakuta kiza, atatafuta pa kutokea, na atafuata mwanga." Akawasha mshumaa akauweka kwenye kizingiti cha dirisha. "Huu ukizimika, ametoka. Lakini wewe binti, sikia. Utakuwa unamtazama mama yako usoni. Ukipepesa kabla, ndiyo basi."

Wakazima taa. Prufu akaketi mbele ya mama, magoti yanagusana, akauinua uso wake kwa mara ya kwanza tangu mchana. Akamtazama mama: kovu dogo juu ya nyusi, mashavu yaliyoshuka, macho mawili ya rangi ya maziwa yaliyoganda, na kope zake zikaanza kuwa nzito, zikivutwa chini na mkono asiouona, na harufu ya vumbi lililoungua ikajaa chumbani mpaka mganga akakohoa, na nyuma ya shingo yake akasikia pumzi, kisha si pumzi, ile *chep* ikijaribu kuanza na kukatika, ikijaribu na kukatika, na akawaza kwamba kama uso huu utapotea atabaki na mama mwenye sauti na mikono tu mpaka siku ya kufa, akazishika kope zake kwa vidole akazivuta juu, akiita "mama, mama, mama," na mama midomo ikimtembea, anasema jambo kwa sauti ya chini ambalo hakuna aliyelisikia. Kisha kitu baridi kikapita kati ya pua zao. Mshumaa ukazimika.

Hakuna aliyekumbuka kuuliza kama dirisha lilikuwa limefungwa, au ni upepo tu ulioupuliza.

Prufu alipepesa. Uso wa mama ulikuwa palepale. Akapepesa tena, na mchanga ukamrudia machoni, na kichomi, na machozi yakamtoka kama bomba lililopasuka. Hajapata kuyapenda maumivu namna ile. Walikumbatiana wote watatu, na mganga akaenda zake.

Asubuhi Prufu aliamka amechelewa. Akavaa blauzi haraka, akaipita sebule akitafuta funguo. Mama alikuwa kitini, ameelekea mlango wa chumba cha binti yake.

"Blauzi hiyo ina doa begani," mama akasema.

Prufu akasimama. "Nani amekwambia?"

"Nimeliona."

Ile rangi ya maziwa ilikuwa imeondoka. Macho ya mama yalikuwa meusi, maangavu, yamefunguka sana. Prufu akapiga magoti, akaishika mikono yake, akacheka na kulia kwa pamoja, akamshukuru Mungu kwa sauti. Ndipo ilipomfikia ile harufu ya vumbi lililoungua. Akanyamaza. Walidhani nyumba tupu haiibiwi, na ni kweli. Lakini nyumba tupu ndiyo hasa anayoitafuta mpangaji.

"Mama," alinong'ona. "Hajatoka."

"Najua. Nilimsikia akiingia. Wewe hukumsalimia, mwanangu. Mimi nilimsalimia. Nikamwambia karibu."

"Namwita mganga sasa hivi."

"Usimwite. Nakuomba." Mama hakusogeza kichwa. Hakutazama chumba, wala mlango, wala jua dirishani ambalo hakuwa ameliona miaka yote hiyo. "Mlango ulikuwa wazi. Tangu alfajiri nimekutazama umelala. Mara ya mwisho kukuona ulikuwa msichana. Sasa una mvi hapa juu ya sikio, na pua umechukua ya baba yako. Sijapepesa, mwanangu. Hata mara moja. Kope zinavutwa lakini nimezishika. Kaa hapo kidogo. Sina haja na kitu kingine."

Prufu akakaa. Angefanya nini? Akaufuta uso wake kwa mkono wa blauzi ili mama auone vizuri, akajaribu kutabasamu. Mama naye akatabasamu, kope zikimtetemeka. Wakatazamana hivyo, na Prufu akasahau kazi, akasahau funguo, akasahau simu iliyokuwa mfukoni mwake.

Ilikuwa saa ya kufungua ofisi. Chura akalia.

Mama akashtuka.

*Chep.*

Mama alikuwa bado ameelekea palepale, macho yake meusi yakitafuta juu ya kola ya blauzi, kushoto, kulia, yakirudi.

"Doa naliona," akasema polepole. "Na ukuta nauona."

Kisha akainua mkono, akaanza kupapasa hewani, kama alivyozoea zamani, mpaka vidole vyake vikaufikia uso wa mwanawe.