Niliogopa Kupanda, Nikasahau Kuteremka

Kila asubuhi mwanangu Dativa alitoka nyumbani kwetu Viwanja Sitini na baiskeli yake. Alikwenda Kivukoni kuchukua samaki. Alirudi na ndoo imejaa perege na kambale, akapita mitaa ya Mlabani akiita, "Samakiii! Wabichi hao!" Ikifika saa nne ndoo ilikuwa tupu. Alikuwa na miaka ishirini na moja. Alikuwa na miguu yenye nguvu kuliko wanaume wengi wa mtaa wetu.

Nilizaa watoto watatu. Nimebaki na Dativa. Ndiyo maana naogopa sana.

Baiskeli yake ilikuwa ile nzito ya chuma, yenye keria pana nyuma. Breki zake zilikuwa za vyuma virefu, vinavyotoka kwenye usukani mpaka kwenye magurudumu. Lakini Dativa hakuzitumia. Bondeni kwetu ni tambarare. Ukitaka kusimama, unaacha kupiga pedeli, unaweka kandambili juu ya tairi la mbele. Tairi linasugua, baiskeli inasimama. Ifakara karibu sote tunafanya hivyo. Hata mimi nilijifunza hivyo nikiwa msichana.

Mwaka juzi ikatangazwa safari ya baiskeli. Tulitangaziwa kanisani baada ya misa. Watu wa kawaida wangeendesha kutoka Ifakara mpaka Mahenge, walale huko, kesho yake warudi. Ni zaidi ya kilomita sabini kwenda tu. Mwanzo ni tambarare, mwisho ni milima mitupu.

Dativa alikuja nyumbani anacheka.

"Mama, nimejiandikisha. Mimi na rafiki yangu Gladness."

"Mmejiandikisha wapi?"

"Mahenge. Kwa baiskeli."

Nilikuwa napepeta mchele. Niliuweka ungo chini.

"Dativa, una akili wewe? Kule magari yenyewe yanapanda yananguruma. Wewe utapandaje?"

"Kwa miguu hii hii uliyonizalia."

"Na moyo ukipasuka njiani?"

"Mama bwana! Moyo ni puto?"

"Na jua? Na malori? Ukiishiwa maji?"

"Orodha imeisha, au kuna ukurasa wa pili?"

Alinikumbatia huku anacheka. Nami nikacheka. Lakini usingizi ulinipaa. Nilimwona akipanda mlima, anahema, anazimia peke yake. Kila nilichowaza kilikuwa kupanda.

Siku mbili kabla ya safari, Dativa alipolala mchana, niliikokota baiskeli mpaka Mlabani kwa fundi Kassian. Fundi huyu ni Mpogoro, mzaliwa wa Mahenge. Amekaa hapa miaka mingi.

"Karibu, Mama Dativa. Pancha?"

"Hapana. Nataka uipunguze uzito. Toa madigadi. Toa stendi. Na hivi vyuma vya breki, toa vyote."

Alidhani natania.

"Breki nitoe?"

"Toa. Mtoto anapanda Mahenge. Kila chuma kitamchosha."

Fundi alifuta mikono kwa kitambaa. "Mama Dativa, mimi nimekulia kule. Akichoka kupanda, atashuka akokote baiskeli. Hakuna tatizo. Sasa niambie, kesho yake atateremkaje?"

"Kuteremka kuna kazi gani? Si anakaa tu inakwenda?"

"Hapo ndipo penye kazi. Kule baiskeli ikishika kasi, kandambili haiisimamishi. Hizi breki si za kutoa. Raba zake zimelika, niache nibadilishe."

"Fundi, mtoto ni wa kwangu. Kama hutaki, niende kwa mwingine."

Alikiweka kitambaa chini. Kisha akachukua spana akavitoa. Akavifunga kwa uzi na kuvitundika kwenye msumari.

"Vitakaa hapa," alisema. "Ukibadili mawazo, njoo hata alfajiri."

Sikubadili mawazo.

Jioni Dativa aliizunguka baiskeli yake. "Mama, breki ziko wapi?"

Nilijua atakataa akisikia ni mimi. Nikajibu haraka, "Fundi Kassian amezitoa. Kasema utakuwa mwepesi."

"Ah. Kama fundi kasema, sawa. Kwani nazitumia?"

Uongo wangu ulikuwa mdogo hivyo tu.

Siku ya safari walikuwa watu arobaini. Nilimfungia Dativa maji, chumvi kidogo, na bumunda la kula njiani. Niliifunga rozari yangu kwenye usukani. Wenye kofia ngumu walikuwa wanane tu. Dativa alijifunga kitambaa cha kanga yangu kichwani, na miguuni kandambili zake za kila siku. Waandaaji walihesabu watu. Baiskeli hawakuzitazama. Tukasali, filimbi ikalia, wakaondoka kuelekea daraja la Kivukoni.

Nilikaa uani na simu mapajani. Saa nne alikuwa amepita Lupiro. Saa kumi na moja jioni simu ikaita.

"Mama! Nimefika! Nimekokota sehemu tatu tu!"

Nilipiga vigelegele peke yangu kama mwehu. Hofu yote ikanitoka. Nikamwambia maneno ambayo mpaka leo nayasikia masikioni.

"Kazi imeisha, mwanangu. Kesho ni kuteremka tu. Usichelewe, nakupikia wali kwa kuku."

"Saa sita nipo mezani, mama."

Kesho yake nilikuwa namnyonyoa kuku simu ilipoita. Alikuwa Gladness. Alilia sana, sikumwelewa. Nilisikia neno moja tu, "Ameanguka."

Baadaye Gladness alinieleza yote. Mteremko wa kwanza ulikuwa mfupi, na Dativa alikuwa mbele anaimba. Wa pili ulikuwa mrefu wenye kona na changarawe. Baiskeli ilishika kasi. Dativa akaweka kandambili kwenye tairi kama alivyozoea. Tairi likaichukua kandambili na kuitupa. Akaweka unyayo mtupu, ngozi ikachubuka, baiskeli haikupungua mwendo. Akapiga kelele, "Nipisheni! Nipisheni!" Upande mmoja palikuwa na korongo, upande mwingine ukingo wa udongo. Akachagua ukingo.

Goti la kulia lilivunjika vibaya. Kichwa kilipasuka juu ya sikio. Kanga yangu niliikuta hospitali imekauka damu, ngumu kama kadibodi.

Daktari alisema kwa upande wa kichwa ana bahati. Kuhusu goti, alisema, "Atatembea, mama. Lakini halitakunjika tena kama zamani."

Watu walikuja kumwona. Kila mmoja aliuliza imekuwaje. Dativa alijibu alivyojua. "Fundi Kassian alitoa breki. Alisema nitakuwa mwepesi."

Mimi nilikuwa nimekaa pale pale kitandani. Sikusema kitu.

Siku ya tatu fundi mwenyewe alikuja na machungwa kwenye mfuko. "Pole, mwanangu," alimwambia. Dativa aligeukia ukutani. Fundi akanitazama mimi. Mimi nikatazama machungwa. Alisimama kidogo, akaweka mfuko chini, akaondoka. Angeweza kunitaja. Hakunitaja.

Mtaani maneno yalienea. Wateja walimhama. Mtu mmoja aliandika kwa mkaa kwenye mlango wa kibanda chake, FUNDI WA AJALI. Nilipita pale nikasoma. Nikaendelea na safari yangu ya sokoni. Nilijiambia, nitasema Dativa akipona. Alipoanza kutembea kwa gongo, nikajiambia, nitasema akizoea. Mwaka mzima ukapita hivyo. Samaki hakuuza tena. Alikaa uani ananisaidia kupepeta mchele, mguu umenyooka mbele yake kama ubao.

Kisha safari ikatangazwa tena. Gladness alikuja kutusalimia.

"Shikamoo, mama. Mwaka huu nakwenda tena. Baiskeli nimeipeleka kwa fundi mwingine. Siyo yule Kassian!"

"Marahaba. Breki zako zinashika?"

"Breki gani, mama? Mimi sina breki tangu zamani. Mwaka jana nilikokota kutoka pale alipoanguka Dativa. Mwaka huu nitakaza viatu, nitaburuza mguu."

Hapo nikaelewa nililolifanya. Watu hawakujifunza kutengeneza breki. Walijifunza kumkwepa Kassian. Na hilo walifundishwa na kimya changu. Mtoto wa mwenzangu alikuwa anakwenda kwenye mteremko ule ule akitegemea mguu wake tu.

"Gladness, kaa chini," nilisema. "Dativa, na wewe nisikilize. Breki nilizitoa mimi. Fundi alinikataza. Nilimtisha kwamba nitakwenda kwa mwingine."

Dativa aliacha kupepeta.

"Uliniambia ni yeye aliyesema."

"Nilikudanganya."

"Mwaka mzima, mama?"

"Mwaka mzima."

Ningefurahi kama angenitukana. Machozi yalimdondokea kwenye mchele. Kisha akachukua gongo lake.

"Twendeni kwa fundi. Na baiskeli ya Gladness tuichukue."

Fundi Kassian alikuwa peke yake, amekaa kwenye tairi bovu. Dativa alinitangulia.

"Shikamoo, fundi. Nisamehe. Nilikugeuzia mgongo."

"Marahaba, mwanangu. Hukujua."

Mimi nilipiga magoti kwenye vumbi lile lenye grisi. Alinishika mkono. "Inuka, Mama Dativa. Na mimi nina kosa. Fundi anapaswa kukataa. Nilijua, na bado nikashika spana."

Nikainua macho. Vyuma vya breki vilikuwa bado kwenye msumari, vimefungwa uzi ule ule.

Gladness aliuliza, "Sasa fundi, mtu wa bondeni ateremkeje?"

Fundi aliipindua baiskeli ya Gladness, magurudumu juu. "Anzia nyumbani. Zungusha gurudumu kwa nguvu, halafu bana breki. Lisiposimama pale pale, usiende. Angalia na raba. Ikilika, badilisha, usingoje iishe."

"Na mlimani?"

"Punguza mwendo kabla mteremko haujaanza. Ukingoja katikati, umechelewa. Bana, achia. Bana, achia. Ukishikilia muda wote, raba zinapata moto, zinateleza. Tumia breki zote mbili. Ukibana ya mbele peke yake kwa nguvu, itakurusha juu ya usukani. Mwili uwe nyuma kidogo."

"Na pakiwa pakali sana?"

"Shuka. Kokota."

"Watanicheka, fundi."

Dativa aligonga goti lake kwa gongo. "Wacha wakucheke, dada. Mimi hakuna anayenicheka."

Fundi akaendelea taratibu, "Viatu vya kufunga, siyo kandambili. Na kofia ngumu. Kanga haizuii jiwe."

Jumapili iliyofuata waliojiandikisha walikutana nje ya kanisa. Niliomba kusema. Nilikuwa sijawahi kusimama mbele ya watu wengi. Nikasahau hata kusalimia.

"Mwanangu hakuangushwa na fundi Kassian," nilisema. "Aliangushwa na mimi. Nilitoa breki kwa kuogopa atachoka. Na wengi wenu hapa hamna breki. Zungusheni magurudumu yenu sasa hivi."

Waliguna. Mzee mmoja akasema, "Huyu mama anatupotezea muda." Lakini kijana mmoja aliinua baiskeli yake, akazungusha, akabana. Gurudumu likaendelea kuzunguka. Akacheka kwa aibu. Wengine wakajaribu. Baiskeli hamsini na mbili zilikuwepo. Kumi na tisa tu zilisimama.

Wiki ile fundi Kassian hakupata nafasi ya kula mchana. Waandaaji waliweka sharti jipya. Kila baiskeli ingekaguliwa darajani, na asiye na breki na kofia ngumu angerudi nyumbani. Wakamwomba Dativa akague.

Siku ya safari alikaa kwenye stuli kabla ya daraja la Kivukoni, mguu ameunyoosha. "Nyanyua. Zungusha. Bana. Haya, pita." Watano aliwarudisha. Mmoja alimbembeleza, mwingine alimsonya. Aliwarudisha wote. Waliopita walikuwa arobaini na saba. Kesho yake, kabla ya jua kuzama, alikuwa pale pale darajani akiwahesabu wanaorudi. Walirudi arobaini na saba. Gladness alikuja wa mwisho, viatu vimejaa vumbi.

"Nimekokota sehemu sita, dada!"

"Ndiyo maana nakuona," Dativa alimjibu.

Nilimtazama mwanangu akicheka. Nilifurahi, na furaha hiyo iliniuma. Ukaguzi ule ungechukua dakika moja mwaka ule alioanguka. Sasa naamka asubuhi nasikia gongo lake uani badala ya kengele ya baiskeli. Amenisamehe, amesema mwenyewe. Goti bado halikunjiki.

Mwezi uliopita nilikuwa kwa fundi Kassian. Akaja mama mmoja simjui, anakokota baiskeli ya mwanawe.

"Fundi, mwanangu anakwenda Mahenge. Mtolee haya mavyuma, yatamchosha."

Fundi alinitazama. Safari hii sikutazama pembeni.

"Mwache achoke, dada," nilisema. "Kaa hapa kwanza nikuambie."