Funga Barabara

Mambo yaliharibika Jumamosi, tarehe tisa, saa nne na dakika kumi asubuhi. Sikosei, kwa sababu saa yangu ya mkononi ilijaa maji ikasimama hapo hapo, na mpaka leo haijaondoka.

Mimi ni fundi bomba wa ofisi ya maji. Shule niliishia darasa la nne, lakini mabomba ya mji huu nayajua kama mifuko ya suruali yangu. Tangu mke wangu afariki, miaka minne sasa, nakaa na binti yetu wa miaka kumi na miwili. Kila Jumamosi huniletea chupa ya chai kazini.

Asubuhi hiyo nilikuwa ndani ya mtaro, nje ya zahanati, nikiunga bomba lililopasuka. Tope lilinifika magotini, kwa hiyo simu nilimwachia binti. Alikuwa pale juu akiruka kamba na wenzake. Ikalia. Akapokea, akasikiliza, kisha akanichungulia.

"Baba! Mkuu anasema ufunge barabara."

"Barabara? Ya nini tena?"

"Sijui. Keshakata."

Nikanung'unika. Wakubwa ndio zao: wamekalia kiti kinachozunguka, wanarusha neno moja, sisi tulidake. Nikadhani lori la mchanga linakuja. Nikatoka mtaroni, nikapanga mapipa na matawi katikati ya njia. Dereva wa gari la mikate akafunga breki mbele yangu.

"We mzee, barabara umerithi kwa babu yako?"

"Kamuulize mkuu!" nikamjibu, nikarudi shimoni.

Sikukaa hata dakika tano. Maji yalikuja kwa kishindo, yakang'oa kiungo nilichofunga, yakanibwaga kama gunia tupu. Kingo za mtaro zikaporomoka. Zahanati ilikaa siku mbili bila tone la maji, wazazi wapya wakibebewa maji kwa ndoo.

Jumatatu mkuu akaniita ofisini.

"Nilisema ufunge barabara! Koki ilikuwa inapitisha maji, uikaze sawasawa! Nani alikutuma uzibe njia?"

Akanipa barua. Alhamisi nifike mbele ya kamati, nieleze kwa nini nisifukuzwe kazi.

Nilipomsimulia binti nyumbani, alikuwa akiosha vyombo. Sahani ikamponyoka mkononi.

"Baba, kosa ni langu. Mkuu alisema, 'Mwambie afunge barabara, tunawasha pampu.' Zamu yangu ya kuruka ilikuwa imefika. Hayo ya pampu nikayaacha."

Pampu! Ningelisikia neno hilo, ningeirukia koki kama nyani. Nilifungua kinywa nimfokee, nikakifunga. Mimi mwenyewe, mtu mzima, nilishindwa nini kupiga simu nikauliza?

"Nyamaza tu," nikamwambia. "Tutasema simu ilikuwa mbovu."

"Hapana, baba. Nitakwenda kusema."

Alhamisi aliomba ruhusa kwa mwalimu wake, akaja na sare yake ameipiga pasi mwenyewe. Wanakamati walikuwa watano. Mkuu akaeleza, akaeleza tena. Kisha binti yangu akasimama.

"Shikamooni."

"Marahaba."

Akasema yote, hata ya kamba. Hakujitetea. Kisha akaomba vipande vitano vya karatasi.

"Naomba kila mmoja aandike, asimwoneshe mwenzake. Mtu akikupigia simu akasema 'funga barabara', utafanya nini?"

Wakacheka, lakini wakaandika. Mwenyekiti, mama mmoja mwenye miwani na sauti ya taratibu, akasoma karatasi moja moja. Watatu walikuwa wameziba njia. Wawili wamekaza, lakini mmoja wao si koki, amekaza mlango.

Mkuu akatazama viatu vyake.

"Tuko meza moja, mikono mikavu, na bado hatukuelewana," akasema mwenyekiti. "Binti, wewe uliukata ujumbe. Baba yako alikuwa na shaka, asiulize. Nawe mkuu ulikata simu kabla hujajua umesikikaje. Shikeni hili: neno halijafika mpaka lirudi. Ukitumwa, lirudishe kwa aliyekutuma. Ukituma, ngoja urudishiwe."

Nilipewa onyo, kazi ikabaki. Siku hizi ofisini ukutani pamebandikwa karatasi: *Nani? Nini? Wapi? Saa ngapi? Rudisha.* Mwandiko ni wa binti yangu. Kila ninapopita hapo shingo yangu inarefuka kidogo.

Shuleni wenzake wanamwita Kasuku, kwa kuwa kila anachoambiwa lazima akirudie. Lakini mwalimu akiwa na ujumbe wa wazazi, anamtuma nani? Kasuku. Na hao hao wanaomcheka, jioni wanamfuata: "Kasuku, kesho tumeambiwa tuje na nini?"

Hata mkuu amebadilika, ingawa samahani bado sijaiona. Juzi alinipigia: "Koki ya zahanati, uikaze mpaka mwisho, saa tano kamili. Haya, rudisha." Nikarudisha, nikitabasamu peke yangu.

Jana tulikuwa tukianua nguo. Binti akaniuliza, "Baba, siku ile ya mama, hospitali walikuambia nini?"

"Walisema nimrudishe nyumbani, nimlete tena baadaye. Nikampeleka jioni. Wakasema nimechelewa."

Akakunja shati langu, akalikunjua, akalikunja tena.

"Uliwarudishia?"

"Sikujua, mwanangu. Wala wao hawakuniuliza nimeelewa nini."

Akaingia ndani, akachukua karatasi na kalamu. Leo asubuhi tumeipeleka hospitalini pamoja, yeye mbele, mimi nyuma, kifua nimekitoa. Mtu wa mapokezi akaisoma, akaigeuza, akampa mwenzake, mwenzake akaingia nayo ndani. Tumekaa kwenye benchi tangu saa mbili. Ni mstari mmoja tu, kwa mwandiko mzuri usio na kosa:

*Baadaye ni saa ngapi?*